Majani ya Kila Jumanne

Naivasha, 12 Januari 2025

Kwa Baba yangu Issack,

Salamu zangu zikukute umekaa, hujalala. Mimi ni mzima. Huku baridi haina adabu. Chumba tunamopakia mboga za kwenda ng'ambo tunaingia na makoti mawili na bado pua zinachuruzika. Laila, mwenzangu wa chumba, anakusalimu ingawa hajawahi kukuona. Kazi ipo, alhamdulillahi.

Kaka Mohamed amenieleza yote. Kwamba ulianguka ukifunga kamba ya ng'ombe, kwamba mkono wa kulia umerudi nusu na mdomo umenyooka, na kwamba daktari amesema ni mshipa wa kichwani, ugonjwa ule ule uliomchukua Mama mwezi wa tisa. Anasema hili lilikuwa onyo, na likija la pili huenda usiamke. Nimeandika maneno hayo na mkono wangu hautetemeki, Baba. Sijui kwa nini. Tangu mwezi wa tisa mimi hufanya tu mambo, moja baada ya jingine, mpaka jua linatua.

Sasa nisikilize. Hapa kazini huja nesi mmoja, Christine, kutupima presha. Nimemkalisha chini nikamuuliza maswali mpaka chai yake ikapoa. Anasema mishipa ya damu ikizeeka hushika chokaa ndani, ikawa migumu, na majani ya kijani huenda yakasaidia. Kwenye mchicha kuna kitu ambacho mwili hukigeuza kikalegeza mshipa, damu ikapita bila kusukumana. Na mboga za ukoo wa kabeji, kama sukuma wiki, ule uchungu wake na ile harufu yake ndivyo vyenye kazi. Kuna wanawake wazee waliopimwa huko ng'ambo. Waliokula mboga hizo kwa wingi walionekana na chokaa kidogo zaidi kwenye mshipa mkubwa. Christine ananikataza kusema zinaponya. Niseme huenda zinakinga, basi, na vidonge uendelee navyo vile vile. Mohamed ameshamuuliza daktari wako kama majani yatagombana na vidonge ulivyopewa. Amesema hayagombani, ule.

Najua utasema majani ni ya ng'ombe. Sema, halafu ule.

Nimeelewana na Mama Mashavu wa kijiji cha Wema. Kila Jumanne akija sokoni Garsen atakuachia fungu kwa Asli wa kibanda cha chai: sukuma wiki, mchicha, na mnavu ukipatikana. Barua zangu pia nitazituma kwa basi hadi kwa Asli, maana nimesikia simu huitaki tena. Nimesikia pia mtaalamu wa viungo amekuagiza uandike ili vidole vikumbuke kazi. Basi niandikie mimi.

Mwanao,
Muna


Garsen, 25 Februari 2025

Muna,

Waaleykum salaam. Mimi nipo. Mohamed yuko na ng'ombe upande wa Kilelengwani, nyasi huko zipo kidogo. Mke wake amejifungua mtoto wa kike, wamempa jina la mama yako, Hawo. Nilimshika. Ni mwepesi. Mbuzi wa jirani wanakohoa.

Herufi hizi ni mbaya, usicheke. Mstari mmoja unanimalizia kikombe cha chai. Kidole cha shahada kinasikia kalamu, vingine havisikii. Juzi mwiba uliniingia, nikaona damu, maumivu sikuyaona. Na si mkono tu. Watu wanakuja kunipa pole, nawajibu asante, wanakunywa maziwa, wanaondoka, na mimi nabaki nimekaa pale pale.

Simu nimempa Mohamed. Iliniita nikiwa kisimani nanywesha, ikaniambia habari ya mama yako. Nilipofika nyumbani walikuwa wameshamzika. Sina kazi nayo tena.

Mboga zinafika. Mashavu ana maneno yule. Amesema mbele ya watu, "Mwaka ule ng'ombe wako walivunja ua wangu wakala shamba lote bila hodi, leo nakuletea mwenyewe mpaka sokoni. Dunia hii, Mzee Issack!" Asli alicheka mpaka akamwaga chai. Mimi nilichukua fungu langu.

Mboga zinaliwa. Usiwe na wasiwasi.

Baba yako


Naivasha, 6 Aprili 2025

Kwa Baba,

Idi imepita, Mungu atukubalie saumu. Laila alipika pilau, tukala na majirani, nikaosha vyombo. Ilikuwa Idi ya kwanza bila Mama. Sisemi zaidi.

Barua yako imenifurahisha, au nadhani imenifurahisha. Niliisoma mara tatu pale palipoandikwa mboga zinaliwa. Christine naye nimemwonyesha, akapiga makofi. Anasema, "Sikutarajia! Wazee wa kwenu si huishi kwa maziwa na nyama?" Nikamwambia baba yangu akiamua kitu ameamua.

Ila anauliza unazipikaje. Ukizichemsha mpaka ziwe kahawia na maji ukayamwaga, nusu ya faida unaimwaga nje. Ni kukaanga kidogo tu, dakika chache, au kuchemsha kwa maji machache na kuyanywa yale maji. Chumvi punguza kwa ajili ya presha. Nani anakupikia? Ni mke wa jirani, au unajipikia mwenyewe? Kama ni mwenyewe, nieleze, nataka nikuone kwa macho ya moyo ukikata mchicha. Sijakuona hata siku moja na kisu cha jikoni.

Mkono je? Herufi za mwisho wa barua zilikuwa zimenyooka kuliko za mwanzo. Au zilinyooka kwa sababu ulitaka kumaliza haraka?

Mwanao,
Muna


Garsen, 10 Juni 2025

Muna,

Idi ya kuchinja tumeisali vizuri. Mvua ilikuja ikaondoka. Yule mtoto, Hawo mdogo, ameanza kucheka. Vidonge nameza vyote, Asli ananikumbusha kwa makelele.

Umeniuliza mboga zinapikwaje. Nimekaa na swali hilo miezi miwili. Mimi si mwongo, wewe unanijua. Hazipikwi. Anakula Dimtu.

Usikunje uso kwanza. Dimtu ndiye yule mwekundu, ng'ombe wa mama yako, wa ukoo wa yule aliyekuja naye siku ya harusi, bibi wa bibi yake. Kati ya arobaini ukame ule ulituachia saba, na sita anachunga Mohamed. Huyu nimebaki naye nyumbani. Mwezi uliopita amezaa.

Sasa nikueleze hesabu yangu ya mfugaji. Babu zetu hawakula majani, na mishipa yao ilikuwa mizima. Kwa nini? Kwa sababu ng'ombe alikula kwa niaba yao. Anakula, anatafuna mara ya pili, sisi tunakunywa maziwa. Nimechinja ng'ombe wengi, Muna, na nimeushika ule mshipa unaotoka moyoni. Hata wa ng'ombe mzee unavutika vizuri, chokaa sijaiona. Kwa hiyo nesi wako anasema kweli. Amekosea mlaji tu. Nikitoka kwa Asli Jumanne nampelekea Dimtu fungu lake, anakula mpaka vijiti, jioni nakamua, nakunywa. Mboga zinaliwa na zinanifikia. Sikukudanganya.

Maziwa yake siku ya Jumanne yana harufu kidogo. Nayanywa hivyo hivyo.

Baba yako


Naivasha, 22 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Sina habari za nyumbani leo, nina hasira.

Miezi mitano! Mama Mashavu anaamka alfajiri kule Wema anachuma, anafunga kwa kamba, anabeba kichwani, kumbe anamlisha ng'ombe wako kwa mara ya pili, na safari hii kwa heshima zote. Laila amecheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitaka kucheka nikashindwa.

Kuna daktari aliyesema Dimtu ana presha? Kuna mtu aliyemwona Dimtu akianguka? Nimemuuliza Christine, kwa haya yangu yote, kama hesabu yako inaingia. Ameniambia maziwa ni chakula kizuri, lakini tumbo la ng'ombe lina wenyeji wake, vijidudu visivyoonekana, na sehemu kubwa ya vile vitu huishia humo humo. Ule uchungu wa sukuma wiki haupiti kwenye chuchu, Baba. Majani yanayoliwa na Dimtu yanafanya kazi kwa Dimtu. Mishipa yake itakuwa laini, na yako itapasuka, na mimi nitapigiwa simu nikiwa hapa kwenye makoti mawili. Ya Mama nilipigiwa nikiwa na koleo la barafu mkononi. Nikafika siku ya pili, nikaonyeshwa udongo.

Wewe si mjinga. Umeuza na kununua ng'ombe kutoka Ndera mpaka Mombasa, hakuna aliyekupunja. Hesabu hii hata wewe huiamini. Basi niambie ukweli ni upi. Kwa nini hutaki kuziweka mdomoni?

Muna


Naivasha, 14 Septemba 2025

Baba,

Salamu. Barua tatu sijapata jibu. Mohamed anasema upo, unaswali, unakula, unakaa. Mama Mashavu anasema fungu unalichukua kila Jumanne na hujibu utani wake tena.

Leo ni mwaka tangu Mama atutoke. Nimeenda kazini kama kawaida, nimepakia brokoli masanduku mia mbili na kumi. Sikulia. Nilidhani leo nitalia.

Andika hata mstari mmoja.

Muna


Garsen, 7 Oktoba 2025

Muna,

Barua zako zote nimezipata. Ziko chini ya mto. Hawo mdogo anakaa mwenyewe sasa. Mvua haijaonyesha dalili, watu wanatazama juu tu. Mohamed amemchukua ndama akaungane na wenzake, Dimtu amebaki peke yake, amekonda.

Uliuliza ukweli. Nimeuandika mara nne nikauchoma kwenye jiko. Huu ni wa tano.

Mama yako alikuwa akila majani. Wewe ulikuwa umeshaondoka. Mwaka ule ng'ombe wangu walipokula shamba la Mashavu, wanaume tulikaa vikao, tukapandishiana sauti. Hawo hakungoja vikao. Alichukua kibuyu cha maziwa akaenda Wema peke yake kuomba radhi, akarudi na mchicha. Tangu siku hiyo wakawa marafiki. Mashavu akamfundisha kupika. Alikuwa akila nyuma ya nyumba na wanawake wenzake, kwenye lile bakuli jeupe lenye ua la bluu. Aliniambia mara moja, "Kichwa kinakuwa chepesi nikila hizi."

Siku moja nilirudi kutoka mnadani na wageni, Harith na wengine. Tukamkuta na bakuli. Nikasema mbele yao, "Nilitoa ng'ombe wengi kuoa mke, kumbe nimeongeza ng'ombe mwingine zizini." Walicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote. Yeye pia alicheka, akafunika bakuli kwa kitambaa.

Sikumwona tena akila. Miaka sita. Bakuli akalifanya la kunawia mikono. Sikuuliza. Sikujua kama kuna cha kuuliza.

Halafu unaniandikia habari za wanawake wazee waliopimwa mishipa. Niliikunja barua, nikatoka nje, nikasimama tu. Kila Jumanne nafika kwa Asli kupokea mikononi kitu nilichomtoa mwenzangu mdomoni. Nitakilaje? Dimtu ni wake. Nikimpa Dimtu, naona kama nimerudisha. Hiyo ndiyo hesabu yangu. Ile ya maziwa nilikutungia wewe.

Sisikii kitu, Muna. Nataka uchungu uje, nao hauji. Jana asubuhi mkono ulilala tena, pamoja na shavu. Ulichukua muda wa kuchemsha chai na kuinywa, ukaamka. Sijamwambia mtu.

Baba yako


Naivasha, 14 Oktoba 2025

Baba,

Barua yako imefika leo na leo naijibu. Jambo la kwanza: nimempigia Mohamed. Atakuwa hapo kwako kabla ya karatasi hii. Utaenda naye hospitali, utamwambia daktari mkono ulilala na shavu pia, na hutasema ni jambo dogo. Ukikataa naacha kazi naja kukubeba mgongoni, na watu wa Garsen wote watazame.

Jambo la pili. Niliisoma barua yako nimesimama kwenye mstari wa kunawa mikono. Msimamizi aliniuliza kama naumwa. Nikasema hapana.

Sasa na mimi niandike yangu. Mwezi wa tano mwaka wa jana Mama alinipigia. Alikuwa amepimwa na watu wa afya waliokuja sokoni, presha ikasoma mia moja tisini na kitu. Wakampa karatasi aende hospitali aanzishiwe vidonge. Akaniambia, "Usimwambie baba yako, yuko mbali na ng'ombe, atawaacha aje." Nikasema sawa, Mama. Nikamuuliza habari za mvua. Baba, niliuliza habari za mvua! Miezi minne sikumkumbusha ile karatasi hata mara moja. Niliikuta nilipokuja, imekunjwa ndani ya msahafu wake, haijapelekwa popote. Nimeibeba mpaka huku. Iko ndani ya kava la kitambulisho changu na kila siku naipitisha getini.

Wewe ulimcheka mbele ya wageni, na ulifanya vibaya, sitakuambia hukufanya vibaya. Lakini sikiliza neno la Christine ambalo nililichukulia juu juu: huenda. Mboga ni kinga ya taratibu, ya miaka, pamoja na mengine. Hakuna mtu duniani awezaye kusema bakuli lile lingemzuia kufa. Presha ile bila vidonge, hilo linajulikana linafanya nini. Na aliyejua ni mimi. Ndiyo maana nimekuwa nikikutumia majani badala ya kuja. Nilitaka angalau mmoja wenu nimkumbushe.

Sikuombi ule kwa ajili yake. Kula kwa sababu mimi nina baba mmoja, na nimechoka kuwa mtu wa kupigiwa simu.

Mwanao,
Muna


Garsen, 9 Desemba 2025

Muna mwanangu,

Waaleykum salaam. Mohamed alikuja, tukaenda. Daktari amenigombeza kama mtoto, ameongeza kidonge kimoja, kingine amebadilisha. Presha imeshuka si haba. Hawo mdogo ana meno mawili, ameniuma.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Ile karatasi usiibebe tena getini. Ilete nyumbani, tutaiweka kwenye msahafu ilipokuwa. Mama yako alikuwa mtu wa kunyamaza na sisi tukamwachia anyamaze, wewe na mimi. Zaidi ya hapo sijui.

Ijumaa Dimtu amekufa. Ukame umeshika na nilimnunulia majani makavu, lakini alikuwa mzee na miguu ilikataa. Nilikaa naye mpaka mwisho. Nilimfunika kwa gunia.

Jumanne, yaani leo, nilienda kwa Asli kama kawaida, miguu ilinipeleka. Mashavu alikuwa bado yupo. Hakutania. Aliniambia, "Pole kwa ng'ombe wa Hawo," akanipa fungu. Nikatembea nalo mpaka kwenye lango la zizi, nikamwita Dimtu kwa jina lake, ndipo nikakumbuka. Nikabaki pale na majani mkononi, na hakuna wa kumpa. Nilitazama kulia na kushoto, Muna. Hakuna.

Nikaingia nayo ndani. Nimeyakata mwenyewe, vibaya, mapande makubwa kama ya kulisha punda. Kitunguu kimoja, mafuta kidogo, chumvi ya kubana kwa vidole. Sikumwaga maji. Nikatoa lile bakuli la ua la bluu, nikaliosha mara tatu, nikapakua, nikakaa nyuma ya nyumba palepale alipokuwa akikaa.

Nilikuwa na tonge la pili mdomoni Harith akatokea na wazee wawili, wamekuja kunipa pole ya ng'ombe. Akasimama. Akatazama bakuli, akanitazama mimi. Akasema, "Issack! Leo umekuwa wewe unayekula majani?" Niliona kicheko kinakuja usoni mwake.

Nikamwambia, "Hawo alikuwa akila, nami nikamcheka mbele yenu akaacha. Mlikuwepo. Nilikosea. Leo nakula mbele yenu."

Hakucheka mtu. Walikaa. Harith akanyoosha mkono aonje. Nikamwambia hili ni bakuli la Hawo, kalete lako. Akaenda kweli, akarudi na sahani. Tukala wote wanne, hakuna aliyesema ni matamu. Si matamu, Muna. Ni machungu na yanang'ang'ania meno. Nimeyamaliza.

Bakuli lilikuwa la moto na nililishika kwa mkono wa kulia. Vidole viwili vimesikia. Walipoondoka nililia, mara ya kwanza tangu ile simu ya kisimani, nikalia kwa sauti mpaka mke wa jirani akachungulia juu ya ua. Nikamfukuza.

Chukua likizo uje. Fungu la Mashavu ni kubwa kwa mtu mmoja, na kukata sijui. Ninamkumbuka mama yako. Sijawahi kuliandika hilo wala kulisema. Nimeliandika kwa mkono huu huu mbovu, na nimelisikia.

Baba yako,
Issack